Maneno Sita

Kibanda changu kiko nyuma ya Mahakama Kuu, Moshi,
kati ya fundi viatu na mama wa vitumbua.
Mashine yangu ya chapa ni nzima, ila B.
Masika ikianza, B inaganda,
na ndiyo hiyo inayoanza Bunge,
ndiyo inayoanza batili.

Apaikunda alishuka kutoka Uru, tope hadi vifundoni,
sheria kaifunga ndani ya mfuko wa unga.
"Soma kifungu cha kumi na tisa."
Nikasoma: mfongo waweza kufungwa Kamishna akiona inafaa,
na uamuzi wake utakuwa wa mwisho,
wala hautahojiwa na mahakama yoyote ile.

"Walioipitisha walikuwa wangapi?"

Siku ile niliwasikia redioni, chai ikinipolea mkononi.
Wanaoafiki waseme ndiyo:
NDIYO, kama jabali linaloporomoka korongoni.
Wasioafiki:
sauti mbili, moja yake kikohozi.
"Walikuwa wengi, mama."
"Hata siafu ni wengi," akasema.

Kisha, bila kuketi:
"Babu yangu aliongoza mfongo wetu miaka ishirini.
Alipanga zamu, nani alfajiri, nani jioni.
Asiyekuja kuzibua alitozwa mbege, debe zima,
na babu mwenyewe alitozwa mara mbili.
Lakini hakusimama juu ya banio hata siku moja
akasema: atakayenilalamikia hana pa kulalamikia.
Wangemcheka.
Maji yenyewe, hata yeye alipewa."

Nikapiga chapa, B naisukuma kwa kidole.
Nikawaza, na wale je?
Ule ukumbi, zile kura, kipaza sauti,
hata hiyo nguvu ya kusema ndiyo ikawa sheria,
walipewa vyote kwa maandishi,
na maandishi yana pambizo.

Majaji watatu walikaa mwezi wa Novemba.
Hawakuichana sheria.
Waliipeta polepole kama mchele wa mgeni,
wakasema ni batili kwa kiasi inachokiuka,
basi, kwa kiasi hicho tu,
wakatoa maneno sita:
wala, hautahojiwa, na, mahakama, yoyote, ile.
Mengine yalibaki ungoni: ada, mita, faini,
Kamishna na gari lake jeupe.

Apaikunda akaja Jumanne, safari hii na vumbi.
"Migomba yangu imekunja majani. Maji yako wapi?"
"Bado."
"Sasa nimeshinda nini?"
"Mlango, mama. Kamishna sasa anaweza kuulizwa."

Akautazama mlango wangu, gunia na misumari minne.
Akatoa noti kifuani, akazihesabu,
akazihesabu tena.
"Haya, weka karatasi. Tumuulize.
Na hiyo B yako uipake mafuta."