Mgongo kwa Mgongo

Walinikodi kwa elfu arobaini, mafuta juu yao,
nimbebe mpiga picha wa televisheni
toka viwanja vya Furahisha hadi Bunda,
yeye akitazama nyuma, mimi mbele,
tumefungwa kiunoni kwa mpira wa tairi kuukuu
kama gunia la viazi.

Tulikubaliana lugha ya viwiko:
kimoja, punguza; viwili, kaza;
vitatu, Shigela, utatuua.

Basi mbio zote za baiskeli, kilomita mia na hamsini,
niliziona kwenye kioo cha kushoto,
kioo chenyewe kina ufa, upana wake kitumbua.
Humo walipita:
fundi welda wa Igoma, kichwa huku ya ufa, miguu kule;
mwalimu wa hesabu wa Kisesa, midomo ikihesabu;
Kulwa na Doto wa mnadani
wakipokezana upepo kama ndoo ya maji.
Hakuna mwenye timu, hakuna wa kulipwa.
Wote Jumatatu wana kazi.

Nyanguge watoto walishangilia,
si baiskeli, kamera: "Tupige! Na sisi tupige!"
Na baba mmoja wa mkaa, magunia matatu nyuma,
aliyekuwa anakwenda zake Magu tangu alfajiri,
akajikuta katikati ya kundi
na badala ya kupisha
akakaza.
Haki ya Mungu alikaza.
Kilomita nne mkaa ulikuwa wa tano.
Mpiga picha hakutoa kiwiko,
alikuwa anacheka; kicheko chake
nilikipokea kwenye mbavu.

Daraja la Simiyu, upepo wa ziwa ukatuvaa ubavuni
na harufu ya dagaa, na nikasikia nyuma yangu
minyororo yote ikibadili sauti kwa pamoja.
Hiyo hakuna kioo kinachoonyesha.

Bunda nilifika wa kwanza.
Hakuna aliyeandika.

Jumapili saa mbili usiku tulijazana kwa Mama Nyanjige.
Kwanza mpira wa hapa. Kisha mpira wa Ulaya.
Kisha sabuni ya unga.
Kisha sisi: dakika moja na sekunde ishirini,
nusu yake mgeni rasmi akishukuru wadhamini.
Ndipo nikaona nilichokuwa nimekipa mgongo:
jua la asubuhi usoni mwao, kamasi, lami inayong'aa,
na mwalimu wa Kisesa kwa karibu kabisa.
Kumbe hakuwa anahesabu.
Alikuwa anasali.
Mkaa waliukata.
Na chini ya picha, kwenye kona,
kivuli kirefu chenye vichwa viwili kinakimbia mbele ya wote.
"Huyo mimi," nikasema.
"Yupi?"
"Hicho cheusi."
Walicheka mpaka supu ikaganda mafuta.

Lakini kuna ambayo hata mimi sikuyaona kwa kioo.
Jumamosi ile, saa kumi na mbili na nusu jioni,
turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimepangwa kwenye kirikuu,
mimi nasubiri pesa yangu,
akatokea nesi Milembe wa zahanati ya Nassa,
pancha mbili, goti limechubuka,
baiskeli ya mama yake yenye kikapu mbele.
Utepe wenyewe ulishaviringishwa, hivyo
niliwasha taa ya pikipiki, nikaielekeza barabarani,
naye akapita katikati ya mwanga
polepole, amenyooka, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Akashuka. Akashika mti wa bendera.
"Kuna aliyenipiga picha?"
"Betri imekufa, nesi. Hotuba imeimaliza."
Akafikiri kidogo, akipangusa goti kwa upindo wa kanga.
"Basi nitasema nilikuwa wa tatu."

Mimi ndiye shahidi niliyekuwepo.
Nikiulizwa: wa tatu.