Mihambo Yumo

Bi Milembe alikuja mwaka ule wa deni la tumbaku,
kanga kaikaza kiunoni kama aendaye kupigana,
akaweka kadi ya kamera juu ya kaunta yangu, hapa Isevya,
akasema: Huyu wa kushoto, mtoe.

Wa kushoto alikuwa Mihambo, kaka yake,
mkono begani kwa dada, siku ya kipaimara cha binti.
Sikuuliza. Fundi picha akiuliza, hali.
Nikavuta ukingo, nikakata, nikahifadhi juu ya ileile
(kosa la ujana, kuhifadhi juu ya ileile).
Ikatoka safi: mama, binti, keki,
na ncha nne za vidole zilizobaki begani,
nikazifuta moja moja kwa rangi ya gauni.

Miaka sita.

Jana karudi. Hakusalimia vizuri.
"Mihambo anakuja Ijumaa, na treni ya Mpanda.
Tumeshaongea. Deni limekwisha,
au tumechoka kulihesabu.
Nirudishie kaka yangu ukutani
kabla hajaingia sebuleni akajiona hayupo."

Nirudishie! Kama vile nilimweka kwenye droo
pamoja na mikasi na betri zilizokufa.

Nikawasha kompyuta ya zamani,
ile inayoamka kwa kukohoa.
Folda ikajipanga, miraba midogo midogo,
na pale, mstari wa tatu:
mama, binti, keki,
Mihambo.

Nikabofya. Picha ikajaa kioo. Hayupo.
Nikafunga. Yupo.
Nikafungua. Hayupo.
Bi Milembe akashika kidevu:
"Huu mzimu, au umeme mdogo?"

Si mzimu, mama. Kamera ikipiga picha
huficha nyingine ndani yake, kijipicha,
nukta mia na sitini kwa mia na ishirini,
ili kioo kipate cha kuonyesha upesi
wakati ile kubwa bado inavaa viatu.
Programu niliyoitumia ilikuwa mvivu:
ilimenya ganda, ikasahau kokwa.
Sura mpya iko nje. Ya zamani imekaa ndani,
hakuna aliyeiambia kwamba kuna ugomvi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.
Hawakuwahi kufungua faili.

"Basi ikuze."

Nikaikuza. Pua ikawa vigae viwili.
Nikaikuza tena: shati likawa tanuri la matofali,
tabasamu likawa ngazi.
Nikaanza kueleza kwamba kisichorekodiwa hakikuzwi,
kwamba maji ya kikombe hayajazi pipa,
lakini hakuwa ananisikiliza.
Aliinama mpaka pumzi ikaacha ukungu kwenye kioo,
akaweka kucha: "Hapa. Sikio.
Limesimama hivi tangu tuchunge ng'ombe."
Mimi niliona miraba mitatu,
mmoja mweusi kidogo.
Sikubishana. Sikio si langu.

"Itoe kwa kimo chake."

Printa ikanguruma kana kwamba ina kazi kubwa,
ikatema kitu cha kimo cha stempu.
Kwa kimo hicho, ajabu, alikuwa mzima:
mabega, meno, mkono begani kwa dada,
vidole vyote.

Nilikataa pesa. Akaacha chupa ya asali,
kizibo cha gunzi, sukari imeganda chini.
Leo mwanawe kapita, kaniambia
mama amekibandika kwenye fremu ya ukutani,
juu ya kioo, kona ya kushoto,
palepale nilipomkatia.

Ijumaa treni ikichelewa, na itachelewa,
Mihambo ataingia usiku, sebule ina taa moja.
Akiwa mlangoni hataona kitu
ila dada, na binti, na keki.

Itabidi asogee.