Picha ya Kumi na Mbili

Filamu moja, picha kumi na mbili, basi.
Nimejiwekea sheria hiyo kama mtu aliyekatazwa chumvi.
Saa moja na nusu asubuhi, Buxton, manyunyu ya Aprili,
mawe ya kuta yamelowa rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Kamera yangu ya zamani ina macho mawili:
la juu la kuonea, la chini la kukumbukia.

Ya kwanza nimeiharibu. Mzoa taka na pipa lake
mbele ya jumba la opera; amenipungia,
nikampungia, mkono ukatikisa kila kitu.
Kitatoka kivuli kinachouaga ukungu.

Ya pili, lile jengo lililopinda, tunaloliita Hilali.
Kila mgeni hulipiga kutoka palepale mteremkoni,
hata nyasi za pale zimekata tamaa.
Nami nimelipiga kutoka palepale.
Kisha, kwa aibu, nikaingia chini ya matao,
nikainama: kizingiti cha jiwe
kimelika katikati kama kijiko.
Hiyo ya tatu.

Waliokila kwa nyayo walikuja na baridi yabisi,
na jongo, na uvivu uliopewa jina la Kilatini.
Waliokuwa hawasimami walishushwa majini kwa kiti na mnyororo,
taratibu, kama piano.
Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge, 
lakini wao walivuliwa na wengine,
na wengine ndio waliozifua.

Mama yangu alikuwa katika hao wengine.
Hilda Wragg, chumba cha taulo, miaka kumi na tisa.
Hakuna picha yake hata moja akiwa kazini.
Zipo za madaktari chini ya kuba, mikono nyuma.
Ipo ya mbwa wa daktari.

Ya nne mpaka ya saba sina la kusema.
Bustani. Bata. Mwanga uliochungulia
ukanikwepa kama mtu ninayemdai.

Kisimani pana foleni ya madumu.
Maji yanatoka kinywani mwa simba wa shaba,
vuguvugu, bure, usiku na mchana.
Husemwa ni mvua ya miaka elfu tano iliyopita,
ilizama, ikazunguka gizani chini ya vilima,
ndiyo kwanza inafika,
wala haijui kwamba imechelewa.

Bi Ollerenshaw wa Fairfield ana chupa sita
na vidole vilivyojikunja kama tangawizi.
"Unanipiga mimi au unampiga simba?"
"Mikono yako, ukiniruhusu."
"Hii? Miaka arobaini nayanywa maji haya,
hayajaninyoosha hata kidole kimoja."
"Sasa unayafuata nini?"
"Chai inatoka nzuri."

Ya nane. Ya tisa. Ya kumi, chupa ikifurika.
Ya kumi na moja, akijaribu kufunga kizibo,
akishindwa, akijaribu, akinitazama nisithubutu kumsaidia.

Halafu akasema, "Lete hicho kisanduku.
Simama pale. Acha kutabasamu kama mgombea udiwani."
Nikasimama. Akahangaika, akatukana kidogo,
kikalia: tik.

Usiku, bafuni, taa nyekundu, sinia la dawa.
Karatasi inaanza kukiri.
Mimi niko ukingoni, sikio na nusu ya bega.
Hilali limelala upande.
Na mbele ya vyote, kikubwa kuliko matao na nguzo,
kidole gumba chake, chenye ukungu, kilichopinda,
kimeliziba jicho la kukumbukia.

Nimeisuuza kwa chupa moja aliyoniachia.
Nimeianika juu ya beseni
kwa kibanio cha nguo cha mama.
Zile kumi na moja bado ziko gizani. Zitasubiri.