Posho

Daftari lilikuwa la Kavugho, la hesabu, darasa la nne.
Nikaligawa: nyuma madeni, mbele Kihispania.
Wanajeshi wa Uruguai walikuwa ng'ambo ya barabara, kofia za buluu, kiu ya kutosha,
nami nina meza tatu juu ya mawe ya lava,
sambaza, sombe, ndizi za kukaanga.

Siku ya kwanza mmoja aliniambia: posho.
Posho ipo, baba, nikasema,
nikamletea bugali, donge kama kichwa cha mtoto.
Akakataa. Posho! Posho!
Akapiga mbawa kwa viwiko, akawika mbele ya watu.
Kumbe kwao kuku ndiye posho.
Nilicheka hadi sombe ikashika chini ya sufuria.

Usiku nikaandika, kwa kalamu inayokwama:

kisiera, ndiyo naomba.
Kyero, ndiyo nataka; huyo usimkimbilie.
Sin pikante: huyu pilipili yangu ilimliza jana.
Otra, yaani nyingine,
ya nne, mkewe yuko mbali.
Agua sin gas, maji yasiyo na gesi.
Hapo nilimshika mkono nikamwonyesha Kivu:
baba, huku hata ziwa limelalia gesi.
La kwenta. Hilo sikuliandika.
Ukisikia kwenta, wanataka kwenda.

Wakaenda kweli. Malori, vumbi jeusi, mikono madirishani.
Yule wa posho, Waldemar, bado yuko kwenye kurasa za nyuma:
bia mbili.
Simfuti.

Sasa nina maneno yote ya mtu aliyefika mbali na njaa yake,
na mimi mwisho wangu ni Gisenyi,
nako nilikwenda kununua vitunguu nikarudi kabla ya saa sita.
Hapa Birere nitamwambia nani kisiera?
Muuza makala? Kijana wa chukudu?
Atadhani ninamtukana.

Juzi mvua ilifukuza wateja wote.
Nikavua aproni. Nikakaa meza ya tatu,
ile isiyoyumba, ya wageni,
mgongo wangu ukashangaa kiti kina egemeo.
Nikagonga meza kwa kijiko.
Kavugho! Kisiera posho, por favor.

Kimya kidogo. Mvua juu ya bati.
Kisha sauti yake toka jikoni:
Posho ya wapi, mama?