Walinzi wa Tai

Mchezo wenyewe wa redio ulikatwa zamani,
sehemu ya arobaini na moja, mlinzi akiwa bado ngazini,
kibiriti mkononi, taa ya mnara haijawashwa.
Hakuna aliyetuambia kama iliwaka.
Ndiyo maana tupo: watu mia moja na sita
tuliobaki tukimsubiri mtu afike juu.

Hatukuwahi kuonana. Tulijuana kwa majina ya kupanga,
Utambi, Chumvi, Ngazi ya Tatu,
na kwa ubishi: ule upepo wa sehemu ya tisa
ulikuwa upepo wa kweli, au shuka lililopepewa studio?

Kisha Utambi akauliza, usiku mmoja wa Februari,
kama kuna anayejua bei ya jezi.
Timu ya kwao, Skelbrough Rovers, daraja la tisa,
ligi ambayo gazeti huishiwa karatasi kabla ya kuifikia,
ilikuwa imekimbiwa na mdhamini, muuza mazulia,
aliyefilisika hata kabla ya kulipa.

Tukachanga. Huyu pauni tano, yule hamsini.
Chumvi akatoa za kununulia miwani, akasema
atavumilia kuona mawili mawili hadi Juni.
Haba na haba; kibaba hakikujaa,
lakini kilitosha jezi kumi na sita
na maandishi kifuani: WALINZI WA TAA.

Mchapaji alikuwa na haraka, au na homa.
Jezi zilirudi zimeandikwa WALINZI WA TAI.

Bwana Ambler, katibu, mfua jezi, mchora mistari,
alitupigia simu, sauti imekauka kama chokaa yake.
Pesa ya kuchapa upya hakuna. Samahani sana.
Ligi inaanza Jumamosi.

Tulikaa kimya nusu siku.
Halafu Noreen, ndiye Ngazi ya Tatu,
mjane wa miaka sabini na minne, akasema:
"Marehemu aliacha tai thelathini kabatini.
Mimi ninakwenda."

Tukaenda. Kumi na tisa, kwa treni mbili na basi,
tukashuka kwenye mvua nyembamba ya kaskazini,
ile isiyonyesha, inayokaa tu hewani ikikungoja.
Shingoni tai: za harusi, za shule, za kazi tulizofukuzwa,
moja ina picha za bata.
Tukatambuana hivyo. Hakuna aliyeuliza jina.

Uwanja umeinama kama sahani iliyoegemezwa ikauke;
kipindi cha kwanza unapanda, cha pili unashuka.
Mpira ukiruka ua unakwenda kwa kondoo
na mchezo husimama hadi kondoo waridhike.
Kipa ni fundi bomba, Gethin Pugh.
Dakika ya ishirini simu yake ililia nyuma ya goli.
Akaipokea, jicho likiwa kwenye kona,
akamwambia mwenye nyumba aweke ndoo.

Tulifungwa nne kwa moja.
Ile moja, sijui niielezeje:
beki wa kushoto alitaka tu kuondosha hatari,
mpira ukapanda, na upepo
(wa kweli, Chumvi aliapa, si shuka)
ukauchukua ukauweka wavuni taratibu,
kama mtu anayerudisha kikombe kabatini.
Tukapiga kelele mpaka wenyeji, sabini na kitu,
wakageuka kutazama hawa ni nani.

Kiza kilipoingia, taa tatu za uwanja ziliwaka.
Ya nne ikagoma. Wachezaji walishaondoka,
hakukuwa na haja tena ya mwanga,
lakini Bwana Ambler alileta ngazi,
akapanda, kiatu kimoja mkononi,
polepole, goti lake bovu likitangulia.

Sisi kumi na tisa tukasimama kwenye matope.
Hakuna aliyekohoa.

Akagonga mara moja. Akagonga tena.

Noreen akalegeza tai ya marehemu,
uso wake ukiwa mweupe kwa ule mwanga,
akahesabu chini chini, kama anayejisahihisha:
arobaini na mbili.