Usifunue Kabla ya Siku ya Tatu

Nkwabi, nawa kwanza.
Si hivyo. Mpaka kwenye viwiko,
kama daktari wa Bugando anayekwenda kupasua.
Umetoka mwaloni; harufu ya dagaa ikiingia humu
tutakunywa mchuzi.

Ulezi huu ni wa Magu, umevunwa juzi,
bado una ukaidi wa shamba.
Uloweke usiku mmoja, asubuhi uuchuje,
uutandaze juu ya gunia, ufunike kwa majani ya mgomba,
na kila jioni nyunyiza maji
kama mtu anayetuliza vumbi mlangoni,
si kama anayezima moto.
Siku ya tatu utaona vimkia vyeupe.
Vikilingana na punje kwa urefu, basi, uanike
juu ya jabali lile, nyuma ya choo.
Kitangiri tulinyimwa tambarare, tukapewa mawe,
nasi tukayafanya uchaga.
Ukizembea, vimkia vitageuka majani,
na utamu wote utakuwa umeliwa na mtoto
kabla wageni hawajaketi.

Kusaga, peleka kwa Bituro.
Yule wa kituoni hafagii mashine yake.

Haya, uji. Mtama mweupe, mzito,
koroga mpaka mwiko ugome.
Epua. Sasa ngoja,
na hapa ndipo wengi wanapoharibu.
Kimea ni kiumbe. Ukikitupa kwenye uji unaotokota
umekiua, na maiti haiumuki, inaoza.
Mimi nachovya kifundo cha mkono.
Wewe umekuja na kipimajoto cha dukani,
kinang'aa kama jino la tajiri.
Kimesema thelathini na nane; nikasema bado.
Kimesema thelathini na tatu; nikasema bado.
Kimesema thelathini, nikasema tia.
Usicheke. Andika: thelathini.

Miezi hii machungwa ya Ukerewe yanashuka na meli.
Chukua ganda la juu tu, lile la njano,
ule weupe wa ndani uache, una kinyongo.
Vuli ikifika tafuta nanasi la Sengerema,
uoshe vumbi tu, usisugue ganda,
maana chachu imekaa pale pale penye miiba.
Na mvua ikileta baridi kutoka ziwani
chungu kivishe blanketi, hata kama wewe utalala bila.

Mfuniko usiukaze. Kitambaa safi, kamba legelege.
Tungaraza alikaza dumu la lita ishirini,
likapasuka saa nane usiku,
na mbuzi wake akashinda siku nzima
akiusalimia ukuta.

Kisha usifunue.

Nakuambia kwa sababu mimi nilifunua.
Mwaka ule Lugodisha alilazwa,
nikirudi kumwona sikuwa na la kufanya
ila kufunua chungu na kutazama.
Asubuhi nafunua. Adhuhuri nafunua.
Kila nilipofunua, upepo uliingia na wadudu wake,
pombe ikawa siki.
Akaruhusiwa Jumamosi, akaketi pale ulipoketi wewe,
akaomba chake.
Nilimwambia imeharibika.
Akanywa kikombe kizima, hakukunja uso,
akasema, "Kwandu, hii umeipatia."
Ndipo nikajua hajapona.

Chuja pole pole, usikamue machicha,
ukikamua unatoa uchungu.
Machicha mpelekee Minza, nguruwe wake wanajua njia.

Kujua kama inafanya kazi, tega sikio kwenye chungu.
Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili, manyunyu juu ya bati.
Manyunyu yakipungua, siku ya tatu, mletee mama yako
kibuyu kimoja, aonje yeye kwanza;
ulimi wangu umezeeka, unasifu kila kitu.

Sasa nenda. Rudi keshokutwa.
Na usipite dirishani kuchungulia, nakujua.
Ufunguo wa chumba hiki ondoka nao.
Mimi pia najijua.