Ukurasa wa Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyeupiga chapa, waheshimiwa,
ingawa hamkuniuliza, na hapa sina pa kusemea.
Kazi yangu ni kufunga majalada kwa uzi wa kijani,
kuita majina koridoni,
kuzima feni umeme ukianza kuyumba.

Wakili Kawiche amesimama na ukurasa wa kumi na nne.
Anausoma kama mtu anayechambua mchele:
"Shahidi wa kwanza, miaka saba,
anaelewa wajibu wa kusema kweli. Ameahidi."
Anauweka chini.
"Ameahidi nini? Kwa maneno gani?
Swali liko wapi, jibu liko wapi?
Sheria haili makapi."

Hana kosa. Hilo ndilo linaloniuma.
Mtu amefungwa maisha,
na lango la Karanga halifai kukomewa
kwa neno lisilo na mkia.

Lakini nilikuwepo.
Siku hizo nilikuwa mahakama ya wilaya.
Jumanne, masika, chemba ya Hakimu Ndossi.
Watu walitolewa, mlango ukafungwa,
akaingizwa mtoto na sketi ya shule
iliyokunjwa kiunoni mara mbili ili imkae.
Kiti kirefu. Miguu haikufika sakafuni.
Hakimu akavua miwani:
"Uongo ni nini, mwanangu?"

Tukasikiliza mvua juu ya bati.

"Ni kusema nimenawa
na mikono bado ina ugali."

"Na leo utatuambia nini?"
Akatuonyesha viganja, vyote viwili,
mbele, nyuma.
"Nitasema kweli. Sitasema uongo."

Hakimu aliandika kwa mkono, kalamu ikimgomea,
majalada thelathini yakimsubiri mezani.
Hayo yote akayakunja yakawa mstari mmoja.
Nami nikaupiga mstari ule ulivyo,
maana mpiga chapa haongezi hata nukta.
Jina la mtoto nikalifuta, kama ilivyoamriwa,
nikaweka herufi mbili.

Sasa herufi mbili zinapimwa.
Alisema kuku walikwisha kuingia bandani;
mama yake kasema saa kumi.
Kuku gani wa Pasua hulala saa kumi?
(Wa siku ya mvua. Mbingu ikifunga wanaingia wenyewe.
Hakuna aliyeuliza habari ya mvua.
Mtoto hana saa, waheshimiwa.
Ana kuku, ana adhana, ana kengele ya shule.)
Alinyamaza siku nne, anasema Kawiche,
na ukimya ni mama wa shaka.
Wakili wa Serikali, Bi Nanzighe, anainuka na mafua yake:
ukimya wa mtoto una aliyeufunga,
someni ukurasa wa kumi na sita, pale penye kisu.
Anasema mtoto peke yake anatosha,
hata bila karatasi ya daktari wa Mawenzi,
mradi mahakama iliyomwamini iseme kwa nini ilimwamini.

Iseme kwa nini.
Jaji wa katikati anafunua jalada,
mbele, nyuma,
anatafuta viganja vile kwenye karatasi.

Dirishani mlima umejifunika tangu alfajiri.
Hakuna aliyesimama kudai haupo.

Mrufani ameketi kati ya askari wawili,
mvi zimemtoka upande mmoja tu.
Sijui anawaza nini. Naye hamtazami mtu.
Na yule binti, nasikia, yuko kidato cha pili,
kahamishiwa kwa shangazi yake huko Rombo,
hajui kwamba leo miaka yake saba
imesimamishwa tena kizimbani bila yeye.

"Hukumu itatolewa kwa taarifa."
Tumeinuka. Tumeinama. Nimefunga uzi.

Mchana nimekwenda kula kwa Mama Aikande, nyuma ya stendi.
Wino wa mhuri umeniganda vidoleni.
Birika la maji lilikuwa mbali, na watu wengi,
na mimi nimechoka.
"Umenawa?" akauliza, sahani mkononi.

Nikasema nimenawa.